Waraka wa Wazi kwa Wadhamini wa Alexandra Palace: Fungueni Studio A

Kwa Bodi ya Wadhamini,
Bustani na Jumba la Alexandra Palace,
Wood Green, London.

YAH: STUDIO A NA STUDIO B

Waheshimiwa Wadhamini,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Haringey ni wilaya ya lugha nyingi, na mtu wa kuwasomea barua hii hatakosekana. Pandeni basi la W3 asubuhi moja, mtamsikia anaongea na simu. Isitoshe, waraka wa wazi haumhusu mwenye ofisi peke yake. Wengi watakaousoma hawajawahi kukipanda kilima chenu, na baadhi yao wamekulia, kama mimi, Tanzania Bara, ambako hadi mwaka 1994 hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, na hawakuacha kutukumbusha. Sisi wa Bara tulisikiliza redio. Labda ndiyo sababu habari ya vyumba viwili vilivyofungwa kwenye pembe ya jumba lenu inanikera kuliko inavyowakera majirani zangu Waingereza, ambao televisheni wameikuta sebuleni tangu kuzaliwa.

Ombi langu ni moja na nalitanguliza: fungueni Studio A kwa watu wote, ikiwa tupu, bila kungoja siku ambayo fedha za makumbusho makubwa zitapatikana. Yanayofuata ni sababu.

Jumba lenu limezoea misukosuko. Lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1873, likaungua baada ya siku 16, likajengwa upya na kufunguliwa tena 1875. Mwaka 1900 Bunge likapitisha sheria ya kulifanya jumba na bustani yake mali ya umma, watu wavitumie na kuburudika navyo milele. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, likawa kambi ya kuwafungia raia wa Kijerumani na Kiaustria waliokutwa Uingereza. Milele ya wabunge ilikuwa na likizo zake. Haya mnayajua, nanyi mmeyaandika vizuri penye vibao vyenu. Nayapita.

Mwaka 1935 BBC ikakodi pembe ya kusini-mashariki. Kilichoivuta ni kilima, si uzuri wa jengo. Mawimbi ya televisheni ya wakati ule hayakupinda kufuata mgongo wa dunia kama yale ya redio ya masafa marefu. Aliyetaka kuwafikia watu wa London ilimpasa apande mahali ambapo London yote inaonekana. Juu ya mnara wa jumba ukasimikwa mlingoti wa chuma, na ncha yake ikawa karibu futi 600 kutoka usawa wa bahari. Chini ya mnara zikatengenezwa studio mbili, kila moja futi 70 kwa 30. Ukumbi wa harusi wa kawaida wa Sinza unazidi hapo.

Kwa nini mbili? Kwa sababu serikali haikutaka kuamua. Kamati ya Lord Selsdon, iliyotoa taarifa yake Januari 1935, ilikuwa na kampuni mbili mbele yake: ya John Logie Baird, Mskoti aliyekwishawaonyesha watu picha zinazotembea tangu 1926, na Marconi-EMI, yenye maabara kubwa na fedha. Uamuzi ukawa zitumike zote mbili, kwa zamu, katika jengo moja, mpaka moja ijionyeshe. Studio A wakapewa Marconi-EMI, Studio B akapewa Baird.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana mitambo ya Studio B ni mojawapo ya vitu vya ajabu zaidi vilivyowahi kuitwa televisheni. Kwa vipindi vikubwa Baird alitumia kamera ya filamu, na kamera hiyo ilikuwa imekazwa mahali pamoja. Haikuweza kumfuata mtu. Picha ilinaswa kwenye mkanda wa filamu, mkanda ukateremka papo hapo kwenye matangi ya dawa yaliyokuwa chini ya kamera, ukasafishwa, kisha ukapitishwa mbele ya mwale wa mwanga na kusomwa mstari kwa mstari ukiwa bado unachuruzika maji. Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo sayanidi. Kati ya mtu kufumbua mdomo na picha yake kuruka hewani ilipita karibu dakika nzima, kwa hiyo hata sauti ilibidi irekodiwe kwenye filamu ili ichelewe sawasawa na uso. Mkanda ukikatika, au bomba likivuja, kipindi kimekwisha. Fundi wa chumba cha giza cha studio ya picha ya Kariakoo ya zamani angeielewa mashine ile haraka kuliko mhandisi wa televisheni wa leo.

Palikuwa pia na kijichumba ambamo mtangazaji aliketi gizani huku mwale mkali ukimpapasa uso kwa kasi, naye hawezi kusoma karatasi kwa kuwa taa haziruhusiwi. Ndivyo ilivyokuwa. Upande wa pili wa ukumbi, Studio A, kamera za Emitron za EMI zilisukumwa kwa magurudumu, hazikupiga kelele, hazikuhitaji maji, na picha zake zilikuwa na mistari 405 dhidi ya 240 ya Baird. Kila wiki mshindani mmoja alipumzika na mwingine akarusha. Tarehe 30 Novemba 1936 moto ukateketeza jumba la Crystal Palace, kusini mwa London, ambako Baird alikuwa na maabara zake. Mwisho wa Januari 1937 zamu zikakoma. EMI ikabaki peke yake, na mistari yake 405 ikatumika Uingereza kwa karibu miaka 50.

Nimesimulia hayo kwa sababu ndiyo historia inayosimuliwa kila mara jumba lenu linapotajwa: mashine mbili, mshindi mmoja. Kibao cha buluu kilichobandikwa ukutani mwaka 1977 kinasema kwamba hapa, tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilizindua huduma ya kwanza duniani ya televisheni ya kawaida yenye picha za kiwango cha juu. (Wajerumani, waliokuwa wakirusha kutoka Berlin tangu Machi 1935 kwa mistari 180, wana maoni yao kuhusu maneno “kiwango cha juu”. Tuwaachie.) Kibao hakisemi nani alisimama mbele ya kamera siku hiyo.

Nami nawakumbusha. Sarafu ilirushwa, Baird akashinda, akatangulia. Wakubwa wakahutubia, kisha sherehe ikarudiwa kwa mitambo ya EMI, hotuba na yote, nawahurumia watazamaji. Katika burudani ya siku ile aliimba Adele Dixon, nyota wa maonyesho ya jukwaani. Walikuwapo Lai Founs, kundi la Wachina wa michezo ya kurusha na kuzungusha sahani. Na walikuwapo Wamarekani weusi wawili, Ford Lee Washington kwenye piano na John Sublett akicheza kwa viatu vya kugonga sakafu, waliojulikana kama Buck and Bubbles. Huyo Sublett mwaka mmoja kabla yake alikuwa jukwaani New York, akicheza nafasi ya Sportin’ Life katika maonyesho ya kwanza kabisa ya Porgy and Bess. Yaani siku ya kwanza ya huduma hiyo, kwa watazamaji wachache wa London na pembezoni mwake walioweza kununua kisanduku cha bei karibu na ya gari dogo, watu weusi walikuwamo. Hawakuja baadaye kuomba nafasi. Walifungua nao mlango.

Wala hawakuwa peke yao. Mei 1938 Robert Adams, mzaliwa wa Guyana iliyokuwa ya Waingereza, aliigiza nafasi kuu ya The Emperor Jones ndani ya studio zenu. Mwaka 1939 Una Marson, mshairi na mwandishi wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi kwenye kipindi cha Picture Page chini ya mtayarishaji Cecil Madden. Septemba 1946 Adams alirudi tena kilimani katika All God’s Chillun Got Wings, safari hii akiwa na Pauline Henriques, mwigizaji mwingine wa asili ya Jamaika.

Huyu Adams anatuhusu kwa karibu. Mwaka 1935 alionekana kwenye filamu ya Sanders of the River, ambamo miongoni mwa watu wa kujaza umati alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya aliyehitaji fedha, Jomo Kenyatta. Na mwaka uleule wa 1946 ilitoka filamu ya Men of Two Worlds, ambayo sehemu yake ilipigwa Tanganyika; ndani yake Adams ni Kisenga, mpiga piano wa Kitanganyika anayeacha kumbi za London kurudi kwao kupambana na malale. Filamu yenyewe imejaa mawazo ya wakoloni kuhusu waganga na wataalamu, na nisingeipendekeza kwa mtu mwenye haraka. Lakini mtu aliyewaonyesha Waingereza sura ya Mtanganyika msomi kwenye sinema ni yuleyule aliyetoa jasho chini ya taa za kilima chenu, na hakuna mtalii hata mmoja anayepanda W3 kwenda kuteleza kwenye barafu ya jumba lenu anayeambiwa hivyo.

Mtaniuliza: ushahidi uko wapi, tuuonyeshe? Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo hasa hoja yangu ilipo. Kabla ya vita karibu kila kitu kilirushwa moja kwa moja na kupotelea hewani. Hapakuwa na njia ya kawaida ya kukihifadhi kipindi. Vimebaki vipande vya filamu za matangazo zilizotengenezwa na BBC yenyewe, mikanda michache, picha za mnato, na makaratasi. Hata baada ya vita mambo hayakubadilika upesi: mchezo wa The Quatermass Experiment, uliorushwa kutoka Studio A mwaka 1953 na kuwafanya watu wasitoke nyumbani, ulikuwa na sehemu sita, na zilizohifadhiwa ni mbili za kwanza tu. Buck and Bubbles hawapo kwenye mkanda wowote wa siku ile. Walichoacha kilimani ni sakafu waliyoikanyaga.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mnapofikiria makumbusho ya kisasa yenye skrini za kugusa na kamera za kuigiza, mnafikiria jinsi ya kuficha jambo ambalo mgeni anapaswa kulihisi: kwamba hakuna cha kuonyesha, ila chumba. Chumba hicho mnacho. Studio nyingi za enzi zile zimekwisha. Lime Grove, ambako BBC ilihamishia vipindi vyake vikubwa kuanzia 1950, ilibomolewa miaka ya 1990, pakajengwa nyumba za kuishi. Ninyi moto wa 10 Julai 1980 uliunguza sehemu kubwa ya jumba, miezi michache tu baada ya Haringey kukabidhiwa udhamini, na pembe ya studio ikasalimika. Bahati ya namna hiyo mtu hukaa nayo macho.

Na chumba hicho kina mengine. Tarehe 1 Septemba 1939 matangazo yalikatwa kwa sababu ya vita. Kilichorushwa mwisho kabla ya ishara za majaribio ni katuni ya Mickey Mouse. Vita vilipopamba moto, mtambo wa kurushia picha ukageuziwa kazi ya kuvuruga ishara za redio zilizowaongoza marubani wa Kijerumani waliokuja kuipiga mabomu London. Tarehe 7 Juni 1946 mtangazaji Jasmine Bligh akarudi mbele ya kamera, na katuni ileile ikarushwa tena.

Kisha ikaja zamu ambayo kwetu sisi wa Afrika Mashariki ina uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote. Kuanzia Julai 1954 hadi Septemba 1969 Alexandra Palace ilikuwa makao ya habari za televisheni za BBC. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Hali ya hatari Kenya ilikuwa bado inaendelea. Desemba 1961, Uhuru wa Tanganyika. Oktoba 1962, Uganda. Desemba 1963, Zanzibar na Kenya kwa siku mbili tofauti za wiki moja. Januari 1964, Mapinduzi ya Unguja, na siku chache baadaye maasi ya askari Dar es Salaam, Uganda na Kenya. Aprili, Muungano. Alichokiona Mwingereza wa kawaida kuhusu mambo hayo jioni kwenye kisanduku cha BBC, kilikatwa, kikapangwa na kuandikiwa maneno juu ya kilima chenu. Filamu zilikuja kwa ndege, setilaiti hazikuwa zimezoeleka. Mtu alizipokea, akazisafisha, akachagua sekunde ngapi za Nyerere na ngapi za bendera. Sisi tuliokuwa ndani ya picha hizo hatukuziona. Bara tulikuwa na miaka 30 na ushei ya kusubiri.

Sisemi hayo kwa kulalamika. Mwalimu aliona televisheni ni anasa kwa nchi isiyo na shule za kutosha, na kwa bajeti ya 1967 siwezi kumlaumu. Nasema tu kwamba nusu ya kumbukumbu zetu za kuonekana ilipita katika jengo mnalolitunza ninyi, na mnalitunza kama jambo la mtaa wa Muswell Hill.

Wapangaji wa mwisho walikuwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Kuanzia vipindi vyake vya kwanza Januari 1971 hadi 1981, walimu wenye ndevu na michoro ya hisabati walifundisha kutoka studio zilezile, wanafunzi wakiamka alfajiri kuwatazama majumbani. Watu huwacheka kwa mavazi. Mimi siwacheki: Tanzania ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1992, wazo la msomaji anayefuata shahada akiwa kazini kwake Songea au Kigoma lilikuwa limekwishapimwa na kuthibitika, na sehemu ya upimaji huo ilifanyika kwenu.

Walipohama, studio zikabaki bila mpangaji wa namna hiyo, na tangu wakati huo hazijawa mahali ambapo mtu anaingia siku yoyote ya wiki kama anavyoingia kwenye ukumbi wa maonyesho ulio upande mwingine wa jengo. Ninajua mlijaribu. Mwaka 2015 mlipata ahadi ya pauni milioni 18.8 za mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu, kwa ajili ya ukumbi wa maonyesho wa zamani, ua wa mashariki na studio. Gharama zikapanda, studio zikaondolewa kwenye mpango. Ukumbi ulifunguliwa Desemba 2018, na niseme ukweli, umependeza. Mmeacha kuta zikiwa na makovu yake, rangi imebabuka palepale ilipobabuka, wala hamkupaka dhahabu ya kughushi. Watu wanaushangaa kwa sababu hiyo hasa.

Basi fanyeni vivyo hivyo na Studio A. Hapo ndipo nisipoelewa woga wenu. Kwa ukumbi mlithubutu kuacha magofu yaongee, kwa studio mnataka kwanza mpate kila kitu. Penye asbesto iondolewe, hilo halina mjadala, maana vumbi lile halitanii mtu. Umeme uwe salama, ngazi iwe na njia ya kiti cha magurudumu. Baada ya hapo, acheni. Msilete kamera ya plastiki. Msimvalishe mtu koti la jioni la 1936. Chumba cha futi 70 kwa 30 kikiwa na mwanga mzuri na watu wawili wa kujibu maswali kinatosha kuanzia.

Ukutani wekeni majina. Si ya wakurugenzi na mawaziri, hao wana vitabu. Wekeni ya waliosimama mbele ya kamera na nyuma yake: Jasmine Bligh, Elizabeth Cowell na Leslie Mitchell, watangazaji wa kwanza, Adele Dixon, Lai Founs, Buck and Bubbles, Una Marson, Robert Adams, Pauline Henriques, na wanawake wa vipodozi na mafundi wa taa kadiri majina yao yanavyopatikana. Makaratasi ya BBC yamehifadhiwa Caversham, karibu na Reading, na katika jamii ya watu waliowahi kufanya kazi kilimani kwenu wapo walioyakusanya kwa miaka mingi kwa mapenzi yao tu. Waiteni kabla hawajatutoka.

Na kwenye kona moja, ombeni BBC iwaazime habari za miaka ya Uhuru. Dakika kumi zinatosha. Wekeni skrini ndogo, ile picha ya kijivu, na maelezo kwa lugha za watu waliopigwa picha hizo. Kiswahili nitawaandikia mimi bila malipo.

Mkiona ombi hili lina ugumu nisioujua, nijibuni kwa lugha yoyote.

Wasalaam,

Mkazi wa kaskazini mwa London

Nakala: Halmashauri ya Haringey.